Mtoto Anapochagua Kuwa Mtu Mbaya Mchezoni

Mwezi huu tunajibu swali ambalo wazazi kadhaa wametuletea kwa njia mbalimbali, wengine kwenye foleni ya maji, wengine baada ya ibada. Mama mmoja alilisema hivi: "Mwanangu anakwenda kituo cha vijana kila Jumamosi kucheza mchezo wa hadithi. Akirudi ananiambia, 'Mama, mimi ni jambazi!' Tena anacheka. Sisi tulikimbia majambazi, leo mtoto anataka kuwa jambazi. Huu ni mchezo gani jamani?"

Swali ni zito na halistahili kujibiwa kwa neno moja. Kwa hiyo tumeona tueleze mchezo wenyewe, halafu tuseme ni nini cha kufanya pale kijana anapochagua kuigiza mtu mwovu. Makala haya ni ya wazazi, na pia ya vijana wakubwa wanaoongoza meza.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Ni mchezo wa kuigiza unaochezwa mmekaa mezani, au kwenye mkeka. Watu wanne au watano wanatosha. Mmoja anakuwa msimulizi. Yeye ndiye anayeeleza mahali, hali ya hewa, watu wanaokutwa njiani na hatari zilizopo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, yaani mtu wa kubuni: fundi chuma, mganga, mwindaji, mfanyabiashara. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanya nini?" Wachezaji wanajibu. Jambo likiwa gumu, wanarusha dadu kuona kama limefaulu. Hakuna mshindi kama kwenye ludo. Hadithi inaendelea wiki hadi wiki.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Leo unachezwa nchi nyingi, na familia zetu zilizohamishiwa Marekani zinaweza kuukuta shuleni na kwenye maktaba, watoto wakicheza pamoja na wenyeji. Kwa hiyo hata kama hapa kwetu bado ni mgeni, ni vizuri kuufahamu.

Vitabu vyake ni ghali na dadu zake zina pande nyingi, hata 20. Lakini mchezo hauhitaji vitu hivyo. Unaweza kukata vipande vya karatasi, ukaviandika 1 hadi 20, ukavitia kwenye kopo na kuchomoa kimoja. Muhimu ni kukirudisha na kutikisa kopo kila mara, la sivyo bahati haitakuwa sawa kwa wote. Au chukua dadu mbili za ludo. Watunzi Vincent na Meguey Baker, katika mchezo wao wa mwaka 2010 uitwao Apocalypse World, walitumia dadu mbili tu za kawaida. Ukipata 10 au zaidi, umefaulu vizuri. Ukipata 7 hadi 9, umefaulu lakini kuna gharama. Ukipata 6 au chini, mambo yameharibika. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa njia 36: njia 6 zinaleta 10 au zaidi, 15 zinaleta 7 hadi 9, na 15 zilizobaki zinaleta 6 au chini. Ndiyo maana kila mhusika hupewa alama kidogo za kuongeza kwenye jambo analolijua.

KWA NINI ACHAGUE UBAYA?

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili si geni kwetu. Watoto wetu wamecheza polisi na mwizi tangu zamani, na kila siku lazima apatikane wa kuwa mwizi. Kwenye hadithi za jioni, Sungura ni mwongo na mdanganyifu, lakini ndiye tunayemshangilia anapomponyoka Fisi. Kwenye maigizo ya siku za sherehe pale uwanjani, kijana anayeigiza mlevi au mume mkorofi ndiye anayechekesha kuliko wote. Hakuna anayekwenda kumkamata baada ya igizo.

Vijana wana sababu zao. Mwingine ni mpole, nyumbani na shuleni anatii kila kitu, basi mezani anataka kuonja kukataa. Mwingine anaona mtu mbaya ndiye mwenye nguvu, na yeye amechoka kuwa mtu wa kupangwa foleni. Mwingine anataka tu kuwachokoza wenzake. Na wako wengine ambao waliona mambo mabaya kwa macho yao, au waliyasikia kwa wakubwa usiku, na sasa wanayashika kidogo kidogo, kwa mchezo, mahali ambapo wao ndio wanaosema nini kitatokea.

Sababu hizi hazifanani, kwa hiyo na jibu haliwezi kuwa moja. Msimulizi mwema hamkatalii kijana hapohapo wala hamkubalii bila kuuliza. Anamuuliza, "Huyo jambazi wako anataka nini maishani?" Jibu litamwonyesha mengi. Kijana akisema, "Anataka kulipa deni la baba yake ili ndugu zake wasiuzwe shamba," huyo tayari ana hadithi. Akisema, "Anataka kuua watu wote," basi bado hajafikiri, na kazi ya msimulizi ni kumsaidia afikiri.

UBAYA WA AINA TATU

Watunzi wa Dungeons & Dragons walihangaika na jambo hili tangu mwanzo. Mwaka 1974 mhusika alichagua upande mmoja kati ya mitatu: wa utaratibu, wa katikati au wa vurugu. Miaka michache baadaye wakaongeza mstari wa pili: mwema, wa katikati au mwovu. Ukizichanganya hizo unapata tabia tisa, na tatu kati yake ni za uovu. Tuzieleze kwa lugha yetu, maana zinasaidia sana.

Wa kwanza ni mwovu wa utaratibu. Huyu haibi usiku. Anakuonea mchana, kwa karatasi na muhuri. Anatimiza ahadi zake, lakini aliziandika yeye mwenyewe kwa faida yake. Wengi wetu tumekutana na mtu wa namna hiyo kwenye kizuizi cha barabarani.

Wa pili ni mwovu wa faida. Hana chuki na mtu, hana chama, hana bosi. Leo yuko nawe kwa sababu una chakula; kesho atakuuza kwa sababu mwingine ana chakula kingi zaidi.

Wa tatu ni mwovu wa vurugu. Anachoma kwa sababu anapenda kuona moto. Hafikirii kesho.

Kwa msimulizi tofauti hii ni muhimu. Wa kwanza anaweza kukaa na kundi kwa muda mrefu, maana anaheshimu mapatano. Wa pili anaweza kukaa maadamu safari inamlipa. Wa tatu ni mgumu mno. Mara nyingi anavunja mchezo siku ya kwanza au ya pili. Kijana akitaka mtu mwovu, mwelekeze kwa wa kwanza au wa pili. Na kwa watoto wadogo, tunashauri wacheze watu wema au wa katikati tu, uovu mwachie msimulizi. Wabaya wa hadithi wawe mikononi mwake, naye awaonyeshe jinsi walivyo na jinsi wanavyoshindwa.

"SI MIMI, NI MHUSIKA WANGU"

Hapa ndipo penye shida kubwa, na msimulizi yeyote atakutana nayo. Kundi limelala msituni. Kijana mwenye jambazi anasema, "Naamka polepole, nachukua pesa za wote, nakimbia." Wenzake wanapiga kelele. Mmoja anakaribia kulia kwa sababu pesa hizo alizitafuta kwa wiki nne. Mwenye jambazi anajibu, "Mnanilaumu bure! Jambazi anaiba. Nafanya vile mhusika wangu angefanya."

Maneno hayo yanasikika kama kweli, lakini si kweli yote. Nani alimchagua jambazi? Ni yeye. Nani alisema aibe usiku huo, na aibe wenzake badala ya tajiri wa mjini? Ni yeye pia. Mhusika hana akili yake peke yake. Mtu aliyemtunga anaweza kila mara kutafuta sababu nyingine: jambazi anaogopa kusafiri peke yake, jambazi anamdai mganga maisha yake, jambazi anapanga wizi mkubwa zaidi na anawahitaji hawa wenzake. Kwa hiyo msimulizi aulize kwa upole, "Kuna njia nyingine ambayo mhusika wako anaweza kubaki yeye na sisi wote tukaendelea kufurahi?" Mara nyingi ipo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Usaliti wa ndani unauma kuliko wa nje, hata mchezoni. Kwa watoto waliokwisha kupoteza vitu kwa watu waliowaamini, unauma mara mbili.

MAPATANO KABLA YA KUANZA

Kwa hiyo siku ya kwanza msicheze. Kaeni mpatane. Wachezaji wa nchi nyingine pia wana desturi hii ya kuwa na kikao kabla ya hadithi. Sisi tunapendekeza mambo manne.

Moja: kila mhusika, mwema au mwovu, awe na sababu ya kuwa na kundi hili. Asiyeweza kueleza kwa nini anasafiri nao, atunge mhusika mwingine.

Mbili: hakuna kuiba, kupiga, kudanganya wala kuua mhusika wa mwenzako bila ruhusa ya mwenye mhusika. Ruhusa ni ya mchezaji mwenyewe, si ya dadu. Jambo hili tunalisisitiza hasa pale wavulana na wasichana wanapocheza pamoja. Haiwezekani mvulana aseme, "Nimerusha 12, kwa hiyo mhusika wako lazima aolewe na wangu." Msichana akisema hapana, ni hapana, na dadu ibaki kwenye kopo.

Tatu: kuna mambo hayataingia mezani kabisa, na kuna mambo yataguswa kwa mbali tu. Mtunzi wa Marekani Ron Edwards aliyaandika mwaka 2003 kwa mfano wa mstari na pazia. Mstari ni pale tusipovuka. Pazia ni pale jambo linapotokea katika hadithi lakini tunafunika, hatulielezi. Kwa mfano, "Walipigana, asubuhi ikaonekana nani amebaki," inatosha. Hakuna haja ya kueleza damu.

Nne: yeyote anaweza kusimamisha mchezo bila kutoa sababu. Mmarekani mwingine, John Stavropoulos, alibuni kadi yenye alama ya X ambayo inawekwa katikati ya meza. Mchezaji akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linafutwa, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kipande cha boksi na makaa kinatosha kutengeneza kadi hiyo. Kwa watoto wetu tunaona hii ni lazima, maana mtoto anaweza kuguswa na jambo ambalo hawezi kulisema mbele za watu.

MISTARI YETU SISI

Kila kundi lichague mistari yake, lakini kwa hali yetu wakimbizi kuna mingine ambayo tungeomba kila meza iifuate.

Hadithi iwe ya nchi ya kubuni. Msitumie majina ya makabila yetu, ya vyama vyetu, ya makundi ya silaha, wala ya vijiji tulikotoka. Kwenye meza moja wanaweza kukaa watoto wawili ambao baba zao hawakuwa upande mmoja. Kwenye nchi ya kubuni wanaweza kuwa mtu na rafiki yake. Mkitaja jina moja tu la kweli, mmerudisha kila mmoja upande wake.

Ubakaji usiwepo kabisa, hata kwa pazia. Kuteka watoto na kuwafanya askari kusiwe mchezo. Kuchoma nyumba zenye watu ndani, pia hapana. Tunajua vijana wakubwa watasema, "Lakini mambo haya yametokea." Ndiyo, yametokea. Na kwa sababu yametokea yana mahali pake pa kuzungumziwa: kwa mshauri nasaha, kwa mchungaji au shehe, kwa mzazi anayesikiliza. Mchezo wa Jumamosi hauna uwezo wa kubeba mzigo huo, na msimulizi wa miaka 19 asibebeshwe.

Mtoto akinyamaza ghafla, akitetemeka, akilia au akitazama mahali pamoja bila kujibu, simamisheni. Msimuulize maswali mbele ya wenzake, wala msimlazimishe asimulie. Mpeni maji, mtu mzima mmoja akae naye pembeni, mwiteni kwa jina lake la kweli. Halafu apelekwe nyumbani, na mzazi aambiwe. Jambo likijirudia, muoneni mhudumu wa jamii au mshauri nasaha.

HADITHI IJIBU, SI FIMBO

Sasa tuseme mapatano yamefuatwa, na jambazi wetu ameiba kwa mfanyabiashara wa sokoni, siyo kwa wenzake. Msimulizi afanye nini? Wengine wanakimbilia kumwadhibu: radi inashuka kutoka mbinguni, jambazi amekufa, funzo limekwisha. Kijana anajifunza kwamba msimulizi ana hasira, basi. Hajajifunza chochote juu ya wizi.

Njia bora ni kuacha nchi ya hadithi ijibu vile nchi ya kweli ingejibu. Mfanyabiashara aliyeibiwa ana mke, ana watoto, ana wadeni. Wiki ijayo kibanda chake kimefungwa. Kundi linatafuta chumvi na dawa, halipati, maana ndiye aliyekuwa akiziuza. Watu wa soko wanaanza kunong'ona wakiona wageni. Mganga, ambaye ni mwema, anahojiwa kwa kosa asilolifanya. Mtoto wa yule mfanyabiashara anakuja kuwaomba wamsaidie kumtafuta mwizi, bila kujua mwizi amekaa palepale.

Hapo msimulizi anyamaze. Asihubiri. Amtazame mwenye jambazi amwulize tu, "Unamjibu nini mtoto?" Meza nzima itakuwa kimya, na jibu lolote atakalotoa litakuwa lake. Akirudisha pesa, ni yeye aliyeamua. Akimdanganya mtoto, wote wamesikia, na uongo huo utakuwa na mwendelezo wake.

Msimulizi pia asimfungie mhusika mwovu mlango wa kubadilika, wala asimsukume kwa nguvu. Apewe nafasi ya kutubu, ya kulipa, ya kumwokoa mtu kwa hasara yake mwenyewe. Kijana akizitumia, vizuri. Akiziacha, mhusika huyo anaweza kuishia gerezani, au kukimbia nchi, na kijana akatunga mwingine. Lakini malipo yasiangukie wenzake kila siku. Ikiwa kila wiki kundi zima linafungwa kwa kosa la mmoja, wengine watachoka na wataacha kuja.

KAMA WOTE WANATAKA KUWA WABAYA

Hutokea. Vijana watano, wote wanataka kuwa wezi. Kwa vijana wakubwa inaweza kwenda, ila kwa masharti matatu. Hadithi iwe fupi, ya vikao vitatu au vinne, yenye mwisho unaojulikana. Wawe na lengo moja, kwa mfano kumwibia mtawala dhalimu ghala la nafaka. Na awepo adui mbaya kuliko wao. Wezi wenye lengo moja hushirikiana vizuri ajabu, wanapanga zamu, wanagawana sawa. Wezi wasio na lengo wataibiana wao kwa wao kabla ya jua kuzama.

SHIDA IKIWA NI MTU, SI MHUSIKA

Kuna kijana ambaye hata ukimpa mhusika mtakatifu ataharibu. Akiwa mchungaji wa mbuzi atawatukana wenzake, akiwa mganga atakataa kutibu ili wamwombe. Huyo usishughulike na mhusika wake. Zungumza naye mwenyewe, pembeni, baada ya mchezo, bila kumwaibisha. Mwambie ulichokiona na mwulize kuna nini. Pengine kaanza kuonewa shuleni, pengine nyumbani mgao umekwisha mapema na hajala. Pengine anataka tu kuonekana. Ikishindikana, apumzike wiki kadhaa na aambiwe mlango uko wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usimwache akaendelea mpaka meza ivunjike.

KUVUA MHUSIKA

Mchezo ukiisha, msitawanyike mbio. Chukueni dakika kumi. Kila mmoja aseme jina lake la kweli, aseme jambo moja lililomfurahisha na jambo moja lililomkera. Aliyeigiza mwovu aanze yeye. Wenzake wamwite kwa jina lake, siyo "jambazi". Jina la mchezoni likimfuata mtoto mpaka kisimani na shuleni, hapo limekuwa tusi. Wakubwa tulikomeshe mapema.

NA UPANDE WA DINI?

Wazazi wengine wametuuliza kama mchezo huu ni wa kishetani. Wasiwasi huo ulikuwepo hata Marekani. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Michigan State alitoweka, magazeti yakauhusisha mchezo huu. Baadaye ikajulikana alikuwa na shida zake nyingine nzito, na mchezo haukuwa chanzo. Mwaka 1983 kikaanzishwa kikundi cha kuupinga. Wachapishaji wenyewe, kwenye toleo la mwaka 1989, waliondoa mhusika wa muuaji wa kukodiwa na wakabadilisha majina ya mashetani. Baadaye vitu hivyo vilirudi. Kumbe hata wao waliuliza swali lile lile la mama yetu.

Sisi hatuko hapa kuamua imani ya mtu. Tunachosema ni kwamba mchezo hauhitaji mizimu wala uchawi ndani yake. Hadithi ya wafanyabiashara wanaovuka jangwa, au wavuvi waliopotea ziwani, inatosha kabisa. Familia ikiona hadithi fulani hailingani na imani yake, imwambie msimulizi, naye abadilishe.

NYUMBANI UMUULIZE NINI?

Mtoto akirudi na kusema, "Mama, mimi ni jambazi," usianze na kofi. Kofi litamfundisha kunyamaza, na wiki ijayo hutajua anacheza nini. Muulize:

- Jambazi wako anaitwa nani, na alianzaje kuiba?
- Anamwogopa nani? Anampenda nani?
- Aliyeibiwa alifanya nini baadaye?
- Wenzako mezani walifurahi?
- Wewe ungekuwa yule aliyeibiwa, ungemwambia nini?

Msikilize mpaka mwisho. Akijibu kwa furaha na kueleza vizuri, na maisha yake mengine yako sawa, anakula, analala, anasoma, basi anacheza. Lakini ukiona haachi kuigiza hata nyumbani, anaumiza wadogo zake au wanyama, anaota ndoto mbaya kila usiku, au anasimulia mambo ambayo unajua si ya kubuni, usimlaumu mchezo na usimlaumu mtoto. Mtafutie msaada mapema. Na ukitaka kujua zaidi, nenda Jumamosi ukakae nao. Hakuna msimulizi mwema atakayemfukuza mzazi.

Wazee wetu pia tunawaomba jambo moja. Vijana wanaotunga hadithi wanahitaji watu wanaojua hadithi. Mzee anayekumbuka ngano za kwao anaweza kukaa kando ya meza na kumsaidia msimulizi: hila za Sungura, ujinga wa Fisi, mfalme aliyedhulumu mjane. Ngano hizo zimejaa watu wabaya, na wazee wanajua mwisho wao kuliko kitabu chochote cha kununua.

Mwenye swali au maoni, au kundi la vijana linalotaka kutueleza mapatano ya meza yao, atuandikie kwa kumpa barua mjumbe wa jarida katika kijiji chake. Tutayachapa bila jina kama mtapenda hivyo. Mungu azilinde familia zetu. Tukutane mwezi ujao.